Nani Aliichonga Ngoma ya Bibi?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mgogo wa upande wa Mtera, akaolewa Ruaha Mbuyuni kabla bwawa halijajengwa. Alikuja kwa mumewe na mtungi, mkeka na ngoma moja ya muheme. Msomaji anayesafiri kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia anapafahamu pale: daraja la Mto Ruaha Mkuu, mibuyu, wauza vitunguu wanaokimbilia madirisha ya mabasi, na joto la kukumaliza kabla hujauanza mlima wa Kitonga. Ni mpakani mwa Morogoro na Iringa, na watu wake wamechanganyika vivyo hivyo. Kwa Wagogo muheme ni ngoma ya wanawake. Ina kiuno chembamba, hubanwa mapajani, na asili yake ni unyagoni. Babu yangu hakuigusa hata siku moja.

Ngoma hiyo sasa iko mezani kwangu, na ina kosa langu ndani yake. Katika kiambatisho cha tasnifu yangu ya uzamivu niliorodhesha ala za muziki nilizozichunguza, nayo ikiwamo. Nilipima kimo na kipenyo, nikataja ngozi, nikapiga picha. Kwenye safu ya mwisho niliandika: “Mchongaji: hajulikani.” Wakati naandika maneno hayo Bibi alikuwa hai, yuko jikoni, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimeketi. Sikumuuliza. Wasimamizi wangu nao hawakuniuliza kwa nini sikumuuliza, maana kwa vitu vya kwetu neno “hajulikani” hupita bila kukaguliwa.

Yaliyoniamsha yalitokea mwaka jana. Kijana mmoja mpiga ngoma wa kanisani, mjini Iringa, aliniletea ngoma kuukuu yenye nembo ya Ludwig ya Marekani, akitaka kujua umri wake. Nilidhani ingenichukua miezi. Ilinichukua jioni moja. Kampuni hiyo ilianzishwa Chicago mwaka 1909 na ndugu wawili, William na Theobald Ludwig. Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr wa Beatles alionekana katika televisheni ya Marekani akiipiga ngoma yenye jina hilo upande wa mbele, na biashara ikafumuka. Kuanzia miaka hiyo ya mwanzo ya 1960 nembo zilianza kubeba nambari, na kwa nambari, umbo la nembo na rangi ya ndani, watu hukadiria umri wa ngoma. Ndivyo ilivyo pia kwa Gretsch ya Brooklyn, iliyoanza mwaka 1883, na kwa Premier ya Uingereza, iliyoanza London mwaka 1922 ikahamia Leicester wakati wa mabomu ya Vita Kuu ya Pili.

Kijana alishukuru akaenda zake. Mimi nilibaki nimeitazama ngoma ya Bibi. Ngoma ya mgeni, iliyotengenezwa ng'ambo ya bahari, ilinipa ukoo wake kabla ya chakula cha usiku. Ya nyanya yangu aliyenilea ilikuwa kama mtoto wa kuokotwa.

Nisiwatukuze Wamarekani kupita kiasi. Nembo ile hutaja mwenye kiwanda. Aliyekunja mbao na kuzigundisha hatajwi, alipokea mshahara wake wa wiki akaenda nyumbani. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini kiwandani anayewamba ni mmoja na anayeivuta ngozi ni mwingine. Hata hivyo kiwanda huacha karatasi: hati za malipo, matangazo, kodi. Fundi wa kijijini huacha ngoma tu.

Kwetu tumejaliwa kuwakumbuka wapigaji. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Redio Tanzania ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Nchi nzima ilimjua. Sijapata kumsikia mtu akiuliza nani alizichonga. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, akapita hata Ugogoni, alikuwa anatafuta sauti. Hazina yake aliianzishia maktaba mwaka 1954, huko Afrika Kusini. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Desemba 1962, alisikitika kwamba tulijua kucheza ngoma za Wazungu kuliko zetu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafuata mwaka 1981. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazo hata ibara za kulinda sanaa za jadi. Yote haya ni mema, ila kila mahali ngoma huhesabiwa kuwa ya kabila, na kabila halina mikono.

Basi Agosti nilipanda basi na ngoma yangu ndani ya kiroba. Pale Ruaha Mbuyuni nilielekezwa kwa mzee mmoja anayelinda vitunguu vya watu usiku. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, kisha akanipima kwa “mbukwa” aone kama damu ya Bibi imesalia. Nilijibu kwa kigugumizi, akacheka. Hakuitazama ngozi. Aliipindua ngoma, akaingiza mkono kwa chini hadi kwenye kiwiko, akafumba macho.

“Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto,” alisema.

Alinishika mkono akaupeleka ndani. Alama za tezo zilikuwa zimelala upande mmoja, fupi fupi, kama magamba ya samaki. Ngoma niliyoiandikia kurasa tatu za kitaaluma sikuwa nimewahi kuitia mkono ndani.

“Daktari,” mzee alisema, nami sikujua kama ananiheshimu au ananicheka, “mnapima nje tu?”

Alieleza mengine. Ngozi ile ilikuwa ya tatu au ya nne, kwa kuwa pembeni kulikuwa na matundu ya zamani yaliyozibwa kwa nta. Mti wenyewe ulikuwa mninga, uliokaushwa polepole kivulini, ndiyo maana haukupasuka. Na mchongaji wa mkono wa kushoto alimkumbuka mmoja tu, aliyelipwa kwa mbuzi. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, alihamishwa akaiacha miti aliyokuwa akiichagua tangu ujana, na huko alikopelekwa hakukuwa na mti wa kufaa. Alichonga mipini ya majembe mpaka alipokufa.

Jina alinitajia. Alinielekeza pia kwa mjukuu wa fundi huyo, umbali wa saa moja kwa bodaboda. Nilimkuta akichonga kinu. Nilimwonyesha ngoma, naye akaingiza mkono ndani bila kuambiwa, akanyamaza kwa muda mrefu. Baadaye alitoa nje tezo ya babu yake. Mpini wake ulikuwa umeliwa upande usiozoeleka, na yeye mwenyewe, anayetumia mkono wa kulia, huwa haitumii.

Nilimwomba ruhusa ya kuliandika jina la babu yake. Alifikiri, kisha akauliza:

“Watu wa serikali watasoma?”

Nilisema baadhi yao husoma.

“Basi usiandike.”

Hofu yake si ya kipuuzi. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kuvuna mti kama mninga kunahitaji kibali. Siipingi sheria hiyo; nimeviona vilima vilivyonyolewa kwa ajili ya mkaa kandokando ya barabara hiyo hiyo. Lakini anayetaka gogo moja la ngoma, au la kinu, hujikuta kwenye mlango mmoja na mfanyabiashara wa magogo, bila nauli ya kuufikia mlango wenyewe. Kwa hiyo huchonga kimyakimya. Nami nilikuwa nimefika kumwomba ajitangaze, ili tasnifu yangu isahihishwe.

Wanafunzi wangu watauliza jina liko wapi, na haki yao kuuliza. Ninalo, lakini sitaliandika mpaka mwenyewe aniruhusu. Kwa ninyi mlio katika ofisi za misitu na za utamaduni, ambazo katika wilaya nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu, ninalo swali: fundi wa ngoma aombe gogo lake kwa nani, kwa fomu gani, na kwa shilingi ngapi?

Kabla sijaondoka kijana aliniambia ngozi imelegea. Aliweka ngoma karibu na moto aliochemshia chai, akaigeuzageuza, akaipiga mara mbili kwa vidole. Kisha akanirudishia, akasema nikipata ngozi ya mbuzi nirudi ataiwamba, ila nije na ngozi kutoka huko huko mjini, yenye risiti.