Barua kutoka Ughaibuni: Walioambiwa Wako Peke Yao



Napenda leo niwaandikie habari ya tamthilia iliyoonyeshwa na televisheni ya ITV katika siku nne za mwanzo wa Januari 2024, kwa jina la Mr Bates vs The Post Office, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya kukaa Uingereza sijapata kuwaona watu wa nchi hii wakighadhibika kwa jambo moja, wakubwa kwa wadogo, namna ile. Niliitazama nyumbani kwa jirani yangu hapa Leicester, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Kampala na kufukuzwa pamoja na wenziwe mwaka 1972, ambaye mpaka leo huhesabu chenji yake kwa Kiswahili.

Posta ndogo za huku haziendeshwi na makarani wa kuajiriwa. Ni maduka ya watu binafsi, kijijini au kwenye pembe ya mtaa, ambamo upande mmoja zimepangwa biskuti na magazeti, na upande wa pili, nyuma ya kioo, mwenye duka huuza stempu, hupokea vifurushi na kuwalipa wazee pensheni zao, kwa mkataba uliomlazimisha kufidia kwa fedha yake mwenyewe upungufu uliohesabiwa kuwa ni taksiri yake. Mwaka 1999 Posta ilianza kuwawekea mtambo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL iliyokuwa chini ya Fujitsu, na tangu hapo fedha ambazo hazikuibwa na mtu yeyote zikawa zinaonekana zimepotea. Kilichozidisha msiba ni kwamba Posta ilikuwa na uwezo wa kufungua mashitaka yenyewe, ikawa mdai, mpelelezi na mwendesha mashitaka kwa pamoja, na mahakama zikaichukulia kompyuta kuwa ni msema kweli mpaka mshitakiwa alete ithibati ya kinyume chake. Naye mshitakiwa, ambaye hakuweza kuyaona yaliyomo ndani ya mtambo ule, angeipata wapi ithibati hiyo? Hata ulipofika mwaka 2015, waliotiwa hatiani kwa hesabu za Horizon, kwa mashitaka ya Posta na ya vyombo vingine, walikuwa wamepita 900.

Kuna onyesho moja ambalo sitalisahau. Jo Hamilton, mwenye posta ya kijiji cha South Warnborough, amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, simu sikioni, akifuata neno kwa neno anayoelekezwa na mtu wa simu ya msaada wa Horizon, na upungufu wa pauni 2,000, badala ya kufutika, unageuka mbele ya macho yake kuwa pauni 4,000. Analia, anasema zimezidi, naye anajibiwa kwamba hana budi kuzilipa. Watu wengi waliopiga simu ile waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye shida kama yao. Hapo yule bibi aliweka chini kikombe chake cha chai akasema, kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Wanamwambia yuko peke yake," akalirudia neno hilo mara ya pili, akanyamaza mpaka kipindi kilipokwisha.

Nami naona kwamba neno hilo ndilo lililowainua watazamaji. Habari yenyewe haikuwa siri: jarida la Computer Weekly lilikuwa limekwisha kuiandika tangu 2009, Alan Bates, aliyenyang'anywa posta yake huko Llandudno mwaka 2003, alikuwa ameshawakusanya wenziwe, na 555 kati yao wakaishitaki Posta katika Mahakama Kuu, ambako mwaka 2019 jaji alitamka bayana kwamba mtambo ulikuwa na kasoro, Mahakama ya Rufani ilikuwa imefuta hukumu 39 kwa siku moja, mwezi Aprili 2021, na tume ya Sir Wyn Williams ya kuichunguza kashfa hii ilikuwa ikisikiliza mashahidi. Nilizisoma habari hizo, nikasikitika kidogo, nikafunua ukurasa wa pili, na hilo linaniuma hata sasa. Idadi ya madhulumu haikututoa machozi, lakini mama mmoja mwenye aproni, akiwa na hofu ya kuwatazama usoni majirani zake, alitutoa.

Wiki ile, katika basi na kwa kinyozi, watu wasiojuana walikuwa wakiulizana kama wameona. Waliotia saini kutaka Paula Vennells, aliyekuwa mkuu wa Posta, anyang'anywe nishani yake walipita milioni moja, naye tarehe 9 Januari akatangaza kuirudisha. Kesho yake Waziri Mkuu Rishi Sunak aliahidi Bungeni kutunga sheria, na sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo ikapitishwa mwezi Mei. Lakini lililonigusa zaidi ni wale makumi ya watu waliowaendea mawakili kwa mara ya kwanza baada ya tamthilia, kwa kuwa muda wote huo walikuwa wameificha izara yao wakidhani ni yao pekee. Wengine hawakuwahi: ripoti ya Sir Wyn ya Julai 2025 yasema kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mambo haya. Haki iliyokwisha kutamkwa na jaji haikustahiki kungoja wachezaji wa maigizo ndipo itekelezwe, na kungoja huko, kwa mtu aliyekwisha kungoja miaka 20, kulikuwa ni nyongeza tu katika mlolongo mrefu wa dhulma.

Baada ya sehemu ya mwisho nilikwenda posta ya mtaani kwetu kupeleka kifurushi cha Mombasa. Mzee wa Kiingereza aliyenitangulia alivua kofia yake, akamwuliza mwenye duka kwa sauti ya chini kama naye yalimfika. Mwenye duka akatikisa kichwa kwamba hayakumfika, kisha akainama, akatoa chini ya meza daftari nene ambamo kila jioni huandika kwa kalamu hesabu ya siku, akalifungua mbele yetu bila ya kuombwa.