Akiba Inayooza



Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Tunaliheshimu neno hilo. Lakini wale kati yenu wanaojifunza kutengeneza kurasa za tovuti wana akiba ya namna nyingine, nayo huoza isipotunzwa: vipande vya CSS.

CSS ni lugha inayouvika ukurasa wa tovuti: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya aya, mahali pa picha. Håkon Wium Lie aliipendekeza mwezi wa Oktoba 1994 alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, na toleo la kwanza likaidhinishwa na shirika la W3C mwezi wa Desemba 1996. Sheria ilikuwa moja, lakini vivinjari, yaani programu za kusomea kurasa hizo, vilitengenezwa na watu mbalimbali, na kila kimoja kiliitii kwa namna yake. Ndiyo maana watengenezaji walianza kukusanya dawa: mtu akipata mistari miwili mitatu inayonyosha kilichopinda, huinakili na kuiweka kwa ajili ya kesho.

Tuchukue mfano wa kisanduku. Kwa mujibu wa sheria ya kwanza, ukikipa upana wa pikseli 300, ukaongeza nafasi ya ndani ya pikseli 20 kila upande na mpaka wa pikseli 5 kila upande, jumla ni pikseli 350. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu vingine: iliviingiza vyote ndani ya zile 300. Ukurasa uliosimama vizuri katika kivinjari kimoja ulivunjika katika kingine, na watengenezaji wakabuni hila nyingi za kukizunguka. Leo hila hizo hazina kazi. Hata hivyo, hesabu ile iliyolaumiwa imerudi kwa heshima, kwa kuwa mstari "box-sizing: border-box" huiagiza kwa makusudi, na wengi huuandika mwanzoni mwa kila kazi. Aliyehifadhi hila peke yake amebaki na takataka. Aliyeelewa sababu yake amebaki na maarifa.

Kijana mmoja alituletea faili aliyoachiwa na waliomtangulia katika kazi. Ndani yake mstari huu ulirudiwa mahali pengi: "*zoom: 1". Alituuliza, "Mwalimu, huu unafanya nini?" Hakuna aliyekuwa ameandika. Alipenda kuufuta, lakini aliogopa kuvunja ukurasa mzima. Tulitafuta pamoja naye tukapata jibu: ile nyota iliyotangulia iliufanya usomwe na Internet Explorer 7 na zilizoitangulia tu, nao uliwekwa ili kuzilazimisha zizingire vitu vinavyoelea ndani ya kisanduku. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001. Na hata ile ya 11, iliyokuwa ya mwisho, Microsoft iliistaafisha katika Windows 10 mwezi wa Juni 2022. Kijana yule alikuwa akilinda dawa ya mgonjwa aliyekwisha kuondoka. Kwa vivinjari vya sasa, kazi hiyo ya kuzingira hufanywa na mstari mmoja ulio wazi: "display: flow-root".

Hasara ya mstari ule haikuwa uzito wake, maana ni herufi chache tu. Hasara ilikuwa woga. Asiyejua sababu ya kitu hathubutu kukigusa, na kazi aliyoirithi humtawala badala ya yeye kuitawala.

Wala tusikimbilie kufuta kila kilicho cha zamani. Ukitaka ukurasa ujaze kioo cha simu, utaandika "height: 100vh". Katika simu nyingi kipimo hicho hakijali mwamba wa anwani ulio juu ya kioo, na kitufe kilichowekwa chini kabisa hufichika. Dawa ni "100dvh", kipimo ambacho vivinjari vikuu vyote vimekijua tangu mwisho wa mwaka 2022. Je, mwenye simu ya zamani tumwache? Hapana. Andikeni mistari yote miwili, ule wa zamani kwanza, mpya ukiufuata. Kivinjari kisichoelewa mstari wa pili huuruka na kushika ule wa kwanza. Kwetu simu hupita kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, na mara nyingi msomaji wetu ndiye huyo wa mwisho. Mstari wa zamani uliobaki kwa ajili yake una sababu ya kubaki.

Sisi tuliosomea ualimu tulizoezwa kutoingia darasani bila maandalio yenye tarehe na lengo. Tunawaomba mfanye vivyo hivyo katika daftari lenu. Kwa kila kipande andikeni mambo manne: ugonjwa ulioonekana na katika kivinjari gani, dawa yenyewe, sababu ya dawa hiyo kuponya, na siku mliyoiandika, pamoja na jambo ambalo likitokea dawa haitahitajika tena. La tatu ndilo gumu, na ndilo linalomtofautisha fundi na mwenye kunakili. Msipoweza kuieleza sababu kwa maneno yenu wenyewe, bado hamjaipata dawa, mmeiazima tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari bila sababu halimfai atakayelirithi. Juma hili, mkiwa wawili wawili, chagueni vipande vitano kutoka katika akiba yenu. Mmoja aulize, "Huu unafanya nini?" Mwingine ajibu bila kusoma. Mtakachoweza kukieleza, kiandikieni sababu yake. Msichoweza, kitafuteni mpaka mkijue, ndipo muamue kukibakiza au kukifuta.