Piza za Chapati Tulizokula Kansay

Pengine nawe umewahi kufanya kama tulivyofanya sisi: ukaona wageni wanakuja kwa mbali, ukachungulia ndoo ya mchele, ukaona imebaki vikombe viwili, kisha ukamtuma mtoto mlangoni akaseme mama hayupo. Hatujivunii jambo hilo. Mmoja wetu alikaa miaka miwili bila kualika mtu nyumbani kwake, kisa viti havitoshi na sahani hazifanani. Basi rafiki yetu mmoja, tuliyesoma naye na ambaye ameolewa Kansay, wilaya ya Karatu, alipotuambia kwamba kikundi chao cha akina mama kimepata dawa ya aibu hiyo, na kwamba dawa yenyewe ni piza, tulicheka sana. Piza Kansay! Akatujibu, "Njoni mle kwanza, halafu mcheke."

Tulitoka Arusha alfajiri, watatu, mwezi wa Julai, tukiwa tumejifunga vitenge juu ya masweta. Wakubwa kati yetu wanaikumbuka safari hii ilivyokuwa zamani, ulipofika Karatu ukiwa mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni. Lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na siku hizi mtu husinzia njia nzima. Tulisimama Mto wa Mbu kununua ndizi nyekundu, kisha gari likapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, ziwa Manyara likibaki chini kama shuka iliyoanikwa. Huko juu hewa hubadilika. Baridi ya Karatu mwezi wa Julai si ya mchezo, nasi tulijuta kwa nini hatukuchukua makoti.

Mjini Karatu magari ya watalii yalikuwa yamejipanga kununua mafuta, na mabango ya hoteli yameota kila upande. Sisi tuliiacha lami tukashika njia ya vumbi kwenda Kansay. Wenyeji wengi huku ni Wairaqw, watu wa kulima na kufuga pamoja. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka, lakini mbaazi zilizopandwa katikati ya mahindi zilikuwa bado zimesimama, kijani. Mbaazi hizo zina kisa chake. Kwa miaka mingi watu wa huku walizilima zaidi kwa kuuza, na nyingi zilikwenda India. Mwaka 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ikaanguka, na magunia yakabaki ndani. Rafiki yetu anasema mwaka ule ndipo alipojifunza kupika mbaazi kwa kila namna, maana zilikuwa hazina pa kwenda ila chunguni.

Sasa hiyo piza ilifikaje Kansay? Mtoto wake wa kwanza alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipowazuia watalii, hoteli nyingi zilipunguza wafanyakazi, na kijana akarudi nyumbani na begi lake. Alikaa miezi mingi. Mama yake anatuambia kwamba wiki za kwanza kijana alikuwa halali, anakaa tu jikoni usiku akitazama moto. Siku moja akamwomba mama chapati zilizobaki za jana, akazipaka nyanya zilizokaangwa, akaweka vitunguu na yai, akazifunika kwa sufuria yenye makaa juu. Wadogo zake walizigombania. Kijana sasa amekwisha kurudi kazini, lakini mapishi yaliachwa nyumbani.

Nasi tukakumbuka kwamba hata huko ilikotoka, piza haikuanza kuwa chakula cha hotelini. Katika mji wa Napoli, Italia, ilikuwa chakula cha maskini wa mitaani, mkate bapa uliopakwa kile kilichopatikana. Leo imeheshimika hivi kwamba mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapika piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Na Waafrika Mashariki hatujaanza jana kuchanganya. Pale Forodhani, Unguja, usiku utaona vijana wakitandaza unga mwembamba, wakiujaza nyama ya kusaga, vitunguu na yai, wakiukunja na kuukaanga. Wanaiita piza ya Zanzibar ingawa Mnapoli hataitambua. Kule Wandegeya, Kampala, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, chapati hukunjwa na mayai ikaitwa Rolex. Chapati yenyewe tuliipokea kutoka kwa Wahindi. Kwa hiyo mama wa Kansay anayeweka mbaazi juu ya chapati hana sababu ya kuona haya.

Lakini tulikwenda Kansay kwa sababu ya kikundi. Akina mama hao ni tisa, wanaweka na kukopa, na kila mwezi hukutana nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Zamani mwenye zamu alitoa chai na maandazi. Mwaka mmoja mtu akapika pilau. Aliyefuata hakutaka kushindwa, akachinja kuku wawili. Baada yake likaja jogoo pamoja na soda za kila mtu. Hakuna aliyeamuru mambo hayo. Yalipanda yenyewe kama maziwa jikoni, na wote walikuwa wakiyatazama tu.

Kisha mama mmoja akaacha kuja. Hakutoroka na fedha za watu. Kila mwezi alimtuma binti yake alete mchango kamili na salamu kwamba mama anaumwa mgongo. Rafiki yetu alikwenda kumwona, akamkuta anapalilia kitunguu shambani, mgongo mzima kabisa. Mama yule alinyamaza sana, halafu akasema, "Dada, zamu yangu inakaribia. Nina watoto watano. Nikichinja yule kuku mmoja nitakosa mayai ya kununulia daftari. Nitawapa nini nyie?"

Tulipoyasikia maneno hayo, yule mwenzetu wa miaka miwili alitazama chini.

Rafiki yetu aliyapeleka mambo kwenye kikundi bila kumtaja mtu. Kulikuwa na ubishi. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alisema wazi kwamba mgeni ambaye hajala ugali hajala, na kwamba hizo piza ni vitafunwa vya watoto. Hatukumlaumu hata kidogo. Mtu aliyelelewa akijua kuwa heshima ya nyumba ni chungu kujaa, huwezi kumbadilisha kwa kikao kimoja. Hata hivyo walikubaliana kujaribu kwa mwaka mmoja: hakuna kuchinja, hakuna pilau, piza za chapati tu na chai, na kila mmoja aje na kitu kimoja mkononi. Siku tuliyofika ilikuwa zamu ya yule mama wa mgongo.

Nyumba yake ni ndogo, imefagiliwa hata uani. Tulimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba huku akitupima kwa macho. Mmoja alileta vitunguu vya Mang'ola, vile vyekundu vinavyolimwa kwa maji ya chemchemi karibu na ziwa Eyasi. Mwingine lita mbili za maziwa, mwingine unga, mwingine malimau, mwingine bakuli la mbaazi zilizochemshwa tangu jana. Mwenyeji alitoa nyanya na kuni. Sisi watatu tulileta ndizi za Mto wa Mbu na mikono yetu, tukapangiwa kukata.

Kazi ilianza na jibini, kwa sababu jibini ya dukani haipatikani huku na mjini ni ghali. Maziwa lita mbili yanachemshwa mpaka yachemke kweli kweli. Usiyatie limau yakiwa mabichi, maana brusela haina mchezo. Yakishachemka, yanaepuliwa, na maji ya malimau matatu au manne yanamiminwa polepole huku ukikoroga kwa upole. Baada ya dakika chache maziwa yanakatika, mabonge meupe huku na maji ya kijanijani kule. Unachuja kwa kitambaa safi, unatia chumvi kidogo, unafunga na kuweka jiwe safi juu kwa muda wa saa moja. Yale maji usiyamwage! Ndiyo waliyokandia unga.

Unga ulikuwa vikombe vitano vikubwa vya chai, nusu mweupe wa dukani, nusu wa ngano ya nyumbani iliyosagwa na pumba zake. Kijiko kimoja kidogo cha chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, na yale maji ya maziwa, vuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja na nusu, ukiongeza kidogo kidogo kwa sababu unga wa pumba hunywa maji zaidi. Ukandwe mpaka uwe laini, ufunikwe nusu saa. Wakakata madonge kumi. Chapati hizi hazisokotwi kwa mafuta ili zipate matabaka. Zinasukumwa tu na kupikwa kwenye chuma kikavu, kila upande ukauke bila kubabuka, kwa kuwa zitarudi tena motoni. Mama wa mjini anaweza kufanya kazi hii jana yake, akabakiwa na robo saa tu ya kazi wageni wakifika.

Nyanya ndipo wengi hukosea, na sisi tulikosea mbele za watu. Tuliachiwa sufuria ya nyanya nane, karoti na kitunguu saumu, tukaiepua ingali na mchuzi. Piza ya kwanza ikalowa kama chapati iliyoangukia kwenye mchuzi. Nyanya zikaushwe mpaka mwiko ukipita uone chini ya sufuria. Hapo paka nyembamba, halafu juu weka unachotaka: hapa walitia mbaazi zilizopondwa na vitunguu, nyingine sukuma wiki iliyokatwa nyembamba sana na kukaangwa, nyingine yai lililopigwa. Jibini inanyunyizwa mwisho. Jibini hii ya limau haiyeyuki kama ya dukani. Hata uingoje saa nzima itabaki punje punje, nawe utakuwa umeunguza chapati bure.

Kuoka kwake ni kule kwa bibi zetu, moto wa juu na chini. Kikaango kinakaa juu ya makaa machache sana, kinafunikwa kwa sinia la bati lenye ukingo, na makaa mengi yanapaliwa juu ya sinia. Chini kidogo, juu kingi. Dakika tano zinatosha. Ondoa sinia kwa kitambaa kinene na ulinyanyue sawasawa, la sivyo utakula majivu. Na watoto wakae mbali. Piza ya pili ilibabuka chini, maana moto wa chini ulizidi, lakini kuanzia ya tatu zilitoka vizuri, na harufu ya vitunguu ilijaa uani hata jirani akachungulia juu ya uzio.

Chapati kumi zilikatwa nne nne. Tulikuwa 12 pamoja na sisi, kila mtu vipande vitatu, na vinne vikabaki. Baada ya sala mwenyeji alipitisha sinia mwenyewe. Alimpa bibi kwanza, kwa mikono miwili. Hapo pakawa kimya kidogo, tukijifanya hatutazami. Bibi alikula cha mbaazi, akala cha yai, akala cha sukuma wiki taratibu, akafuta vidole kwa kanga. Kisha akauliza, "Na ugali uko wapi?"

Kicheko kilichotoka hapo hatujakisahau. Mwenyeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, na nadhani kilio kidogo kilikuwamo ndani yake. Watoto wake wawili wadogo walitumia nafasi hiyo kuvimaliza vile vipande vinne. Kuku wake, yule mmoja, alikuwa anapita katikati ya miguu ya wageni akiokota makombo.

Hatusemi kwamba kila jambo limekwisha. Mwanachama mmoja alikuwa amekuja na keki kubwa kutoka mjini, na tuliona nyuso zikibadilika alipoifunua, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo pilau ilivyoanza. Rafiki yetu aliikata haraka, akawapa watoto wote wa jirani, ikaisha kabla haijawa shindano. Baadaye wakahesabu fedha, wakaandika daftari, na mama wa mgongo akakopa za kununulia mbegu.

Tulipokuwa tunaaga, jua likishuka na baridi ikianza kuuma, mwenyeji alitufungia vitunguu kwenye kanga ya zamani. Bibi alitusindikiza hadi njiani kwa fimbo yake. Alitueleza kwamba mwezi ujao ni zamu yake, na kwamba yeye atapika makande ya mahindi na mbaazi, chungu kizima, piza wakapike wenyewe vijana. Makande, alisema, hayachinjwi, kwa hiyo sheria haijavunjwa. Tumealikwa, na tumeambiwa tulete chumvi.