Pikipiki Inayojua Kutoka Uwanjani

Agosti 11, 2024, siku ya mwisho ya Olimpiki ya Paris, nilikuwa Lushoto nikitazama kwenye runinga mbio za baiskeli ziitwazo keirini, zilizoanzia Japani mwaka 1948. Pikipiki ndogo hutangulia, huongeza mwendo taratibu hadi kilomita 50 kwa saa, na ni mwiko kuipita. Mizunguko mitatu ikisalia, hutoka uwanjani, na hapo ndipo ushindani huanza. Siku hiyo Mholanzi Harrie Lavreysen alitwaa dhahabu.

Ndugu msomaji, je, ingekuwaje kama pikipiki ile ingegoma kutoka?

Katika ushirika mmoja wa wakulima wa mboga huku Usambara, mwenyekiti aliyekuwapo nikisoma sekondari bado ni yeye. Simtuhumu kwa wizi. Kwa miaka mingi aliongoza vizuri. Lakini vijana waliomfuata kwa subira wamechoka. Wengi wameteremka Soni hadi Mombo, wakapanda mabasi kwenda Dar es Salaam. Waliobaki wamezeeka wakisubiri.

Kuongoza ni nusu tu ya wajibu wa anayetangulia. Nusu ya pili ni kupisha, wangali na nguvu wanaomfuata.