Plagi ya Nne

Katika kurasa hizi tumezoea kushirikishana habari za malezi, za mapishi na za maisha ya ndoa. Leo naomba unisamehe nikikupeleka chini ya boneti ya gari. Habari ya ndoa utaikuta huko.

Nyumbani kwetu hapa Ilula tuna pikapu ya zamani, Toyota Hilux ya dizeli, yenye ile injini ya silinda 4 ambayo mafundi huiita 2L. Mume wangu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika sana, nasi tukaitumia sana zaidi. Imebeba nyanya na vitunguu, imebeba viti vya kanisa na wanakwaya, na imebeba wagonjwa. Huu mpango wa m-mama, ambapo mama mjamzito hupigiwa simu namba 115 akapatiwa usafiri, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kabla ya hapo jirani akishikwa na uchungu usiku walikuja kugonga kwetu, maana mimi ni muuguzi na uani kuna gari.

Usiku mmoja wa Julai mwaka 2019, yapata saa 10, waligonga. Binti alikuwa katika uzazi wake wa kwanza, uchungu umemkaa tangu jana yake, na nilipompima niliona hapaswi kubaki nyumbani hata kwa saa moja. Tulimpandisha garini. Nilipiga stata, injini ikazunguka, bomba likatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, basi. Nikapiga tena. Mara ya tatu betri ikaanza kuchoka. Mnaoishi nyanda hizi za juu mnaijua baridi ya Julai jinsi ilivyo alfajiri. Wanaume wakaja kusukuma hadi kwenye mteremko, gari likakohoa, likatikisika, ndipo likashika. Tulifika salama, mama na mtoto wakapona, jina la Bwana libarikiwe. Lakini pale uani tulipoteza kama dakika 25, na binti yule alikuwa ananiangalia mimi.

Niseme kwa nini gari lilifanya vile, maana hata mimi sikujua. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Ya dizeli haina cheche. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897, aliijenga juu ya joto la hewa: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa na joto kali, kisha mafuta yanapulizwa humo na kuwaka yenyewe. Sasa, injini ikiwa imelala kwenye baridi, chuma chake hulinyonya lile joto na mafuta hayawaki. Kwa hiyo injini kama yetu huwekewa plagi za kupasha moto, mafundi huziita hita plagi, moja kwa kila silinda. Ncha yake ni nyembamba kama penseli, na umeme wa betri huifanya iwe nyekundu kama kaa la moto. Ukifungua ufunguo, taa ndogo ya njano yenye umbo la springi huwaka mbele ya dereva. Unasubiri izime, ndipo upige stata. Dereva wa Dar es Salaam anaweza kukaa na hita plagi mbovu muda mrefu bila kujua. Wa Ilula atajua Juni.

Mambo hayo yote mume wangu aliyajua. Kwa miaka mingi hakuna fundi aliyeligusa gari lile isipokuwa yeye. Ila mwezi Novemba mwaka 2018 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakawa yanamtoka polepole, moja moja, kama mtu anayeokota punje za mchele. Nilimwuguza vizuri, siwezi kujidharau kwa hilo: dawa za shinikizo la damu kwa saa zake, mazoezi ya mkono, chakula kisicho na chumvi nyingi. Lakini nilianza mazoea ya kumalizia sentensi zake. Baadaye nikaacha hata kumwuliza. Ada za shule, shamba, michango ya jumuiya, yote niliamua mwenyewe, nikaona ndiyo kumpumzisha.

Basi nikamwita fundi kijana anayefanya kazi kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Alipima vizuri. Alianza na fyuzi na rilei, akaona ni nzima. Kisha akaondoa kibamba kinachounganisha plagi zote nne, akachukua taa ya kupimia, waya mmoja kwenye upande chanya wa betri na mwingine kwenye kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi ni nzima. Isipowaka, imekatika ndani. (Kibamba kile kisipoondolewa, plagi moja nzima itawaombea wenzake waliokufa, na utaambiwa zote ni nzima.) Tatu zilikuwa zimekufa. Tukaamua tubadilishe zote.

Nilipokuwa natoka kwenda Iringa mjini kununua mpya, mume wangu alinipa kikaratasi. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala: VOLTI. Nilikitia mkobani bila kufikiri. Dukani muuzaji akaniuliza swali hilohilo, kwa kuwa plagi zinazofanana kwa umbo hutofautiana kwa volti, na ukifunga isiyo yake ama itaungua upesi ama haitapasha. Bahati nilikuwa na moja ya zamani mfukoni, ile ya kwanza ambayo fundi aliitoa bila shida, nasi tukaisoma ubavuni. Nilipaswa kujifunza kitu siku ile, sikujifunza.

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake tulikuwa na semina ya akina mama, na mimi ndiye niliyeahidi usafiri. Mume wangu aliketi kwenye kigoda chini ya mparachichi. Plagi ya pili ilitoka ikilia. Ya tatu ilimtoa fundi jasho. Ya nne, ile ya nyuma kabisa, haikutikisika.

"Ma... futa," mume wangu akasema. Tukangoja. "Siku... tatu."

Fundi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nami nikasema, "Baba watoto, pumzika. Kijana anaijua kazi yake." Nikamgeukia fundi: "Ongeza nguvu, mwanangu, kesho nina safari."

Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu. Tulisikia mlio mdogo tu, kama kijiti kikivunjika. Kichwa cha plagi kilibaki ndani ya soketi. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndani ya injini.

Kijana wa watu alitahayari, akasema labda tuiwashe hivyohivyo. Hapo mume wangu alisema "Hapana!" neno zima, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Alikuwa sahihi. Kipande kama kile kikiingia ndani ya silinda wakati injini inazunguka, pistoni inaweza kuharibika kabisa. Gari lilivutwa mpaka Iringa, silinda hedi ikafunguliwa, kipande kikatolewa, gesketi mpya ikafungwa. Fedha za mabati ya jiko letu ziliishia huko, shilingi 420,000 pamoja na kuvuta gari. Semina tulienda kwa basi. Mume wangu hakunilaumu kwa neno hata moja, na mama mwenzangu unajua jinsi ukimya wa namna ile unavyolala kitandani katikati ya watu wawili.

Jumatatu nilikuwa zamu ya kufunga vidonda. Alikuwapo dereva mmoja aliyeungua mikono na kidevu. Asubuhi ya baridi aliweka kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa ya injini ili dizeli ishike, na moto ukamrudia. (Tafadhali waambieni wanaume na vijana wenu. Hata ile dawa ya kupuliza ya kuwashia magari isitumiwe kwenye injini yenye hita plagi, maana ikikutana na ncha yenye moto inaweza kulipuka.) Shashi ilikuwa imekaukia kwenye kidonda, na mwanafunzi niliyekuwa naye akashika ukingo wake avute.

"Usivute," nikamwambia. "Lowesha kwanza kwa maji ya chumvi, subiri. Ikikataa, lowesha tena. Ukivuta utaondoka na nyama."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikashindwa kuendelea. Mwanafunzi akaniuliza kama naumwa.

Jioni ile nilipiga magoti mbele ya kigoda chake. Nilimwomba mume wangu radhi, kwanza kwa plagi, kisha kwa ile "pumzika" niliyomwambia mbele ya kijana. Nikachukua daftari, nikamwambia anifundishe, nami sitammalizia neno. Ilichukua jioni mbili. Aliniambia plagi haishikwi na kutu tu. Masizi hupanda kati ya ncha na tundu lake, yanakauka kama saruji, na ncha iliyoungua nayo huvimba. Wewe unakaza nguvu juu, huku chini imeshikwa, na shingo ndiyo inayokatika. Kwa hiyo safisha kuzunguka plagi ili uchafu usidondoke ndani. Tia mafuta mepesi ya kulegeza kutu jioni, na jioni inayofuata, na inayofuata. Siku ya kufungua, endesha gari kwanza injini ipate moto. Tumia mpini mfupi, ili mkono wako usikie. Ikisogea kidogo kisha ikaganda, usiilazimishe. Irudishe ndani, tia mafuta, toa tena. Ndani na nje, ndani na nje.

Nusu ya hayo nilikuwa nayafanya hospitalini tangu nina miaka ishirini na kitu.

Mwezi Juni mwaka 2024 gari likaanza tena moshi mweupe. Safari hii sikumwita mtu. Plagi mbili zilikuwa zimekufa, na moja, sitasema uongo, ilikuwa ileile ya nyuma. Nilitia mafuta jioni tano. Jumapili baada ya ibada tuliendesha mpaka karibu na kushuka Kitonga na kurudi, mume wangu kando yangu akisikiliza injini. Nikavaa kitenge cha shambani, nikaingiza soketi namba 12. Robo mzunguko, ikaganda. Nikairudisha. Wajukuu wa jirani walikuja kutazama, wakachoka, wakaondoka. Nilikaa na plagi ile kwa saa moja na robo, mgongo unauma, na mara mbili nilitamani lile bomba.

"Rudi... sha," alisema kila nilipoanza kukaza. Nikarudisha.

Ilitoka nzima, nyeusi, na ncha yake imevimba kama njugu. Nilimkabidhi. Aliigeuza kwa mkono wa kushoto, kisha akaishika kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, akaifuta masizi kwenye suruali yake ya ibada, nami nikanyamaza.

"Mpya," akasema. "Greisi... ya joto. Kwenye uzi. Siyo... nchani."

Nikapaka kwenye uzi, nikafunga kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, taratibu. Nikarudisha kibamba na waya. Alikuwa amekwisha kuinuka kwa fimbo yake na kuja upande wa dereva. Niliingia, nikafungua ufunguo. Taa ya njano ikawaka.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja izime.