Kutoka Ruanda hadi Kalenga

Bajaji ilinishusha Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi, ukungu bado umeufunika mlima Loleza. Kwenye kibanda cha vocha, spika ilikuwa ikipiga Hali Halisi, wimbo wa Sugu wa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kijana wa kibandani, ambaye bila shaka hakuwa amezaliwa wimbo ule ulipotoka, aliufuata neno kwa neno. Nilisimama mpaka ulipokwisha.

Kisha nikaenda Gereza la Ruanda, alikofungwa mwimbaji huyo. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu mwenyewe, alihukumiwa Februari 26, 2018 kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatamka jukwaani kuhusu Rais Magufuli. Alikuwa mbunge wa mji huu tangu 2010. Akatoka Mei 10. Hakufungwa kwa wimbo, lakini mtu aliyezoea kusema na wakubwa kwa mistari ya rap hawezi kujifunza kunong'ona akipewa ubunge, na mimi nampenda kwa hilo. Septemba 2023 alikamatwa hapahapa Mbeya mwimbaji mwingine, dada, na safari hiyo kosa lilikuwa wimbo wenyewe.

Mama aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara aliniona nimeukodolea macho ukuta.

"Kuna mtu wako humo, mwanangu?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi usisimame hapo sana."

Nikapanda basi la Iringa; lilipita Uyole, Chimala, Makambako, Mafinga, zaidi ya kilomita 300, na baridi ikazidi kuuma.

Kesho yake nilikuwa Kalenga, karibu na Iringa. "Kamwene," mzee wa makumbusho alinisalimu, akanipeleka moja kwa moja kwenye sanduku la kioo. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijipiga risasi Julai 19, 1898 asikamatwe; Wajerumani wakamkata kichwa, wakakisafirisha kwao. Fuvu lilirudishwa na Gavana Twining mwaka 1954. Ni dogo kuliko nilivyotarajia. Nilishindwa kulitazama kwa muda mrefu.

Mkobani nilikuwa na Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya Mugyabuso Mulokozi ya mwaka 1979. Nimeisoma mara nyingi. Mbele ya kioo kile ndipo nilipoelewa kwa nini aliandika tamthilia: kichwa kilichokatwa kinyamaze, yeye amekirudishia ulimi.

"Kitabu gani hicho?" mzee akauliza.

"Anazungumza humu, babu."

"Nani?"

Nikamwonyesha kioo. Mzee akavuta kiti, akaketi.

"Soma kwa sauti," akasema.