Jembe na Tezo Katika Wamunyu

Watu wengi wa mjini, wakiona twiga wa mti katika dirisha la duka, hudhani kwamba aliyemchonga hana kazi nyingine duniani ila kuchonga. Sivyo. Huko Wamunyu, katika njia itokayo Machakos kwenda Kitui, mchongaji ni mkulima kwanza. Mvua ya mwezi wa Novemba ikikaribia, tezo hutundikwa ukutani, na mwenyewe huenda shambani pamoja na mkewe kupanda mahindi, kunde na mbaazi. Asiyepanda wakati huo atanunua chakula kwa debe mwaka ujao, na bei ya debe haimstahi fundi, hata awe hodari namna gani.

Ufundi huu si wa kale sana kama wageni wanavyoambiwa. Wakamba walikuwa wakichonga viti vya miguu mitatu na vijiko kwa matumizi ya nyumbani, lakini sanamu za kuuza zilianza baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alikwenda vitani akafika Tanganyika, akaona kazi ya wachongaji wa huko, na aliporudi kwao akaanza kuchonga sanamu. Jamaa na majirani wakaiga. Kufikia miaka ya 1950 sanamu za Wakamba zilikuwa zikiuzwa Nairobi na Mombasa, na nyingine zilivuka bahari. Mwaka wa 1963 wachongaji walioko Mombasa waliunda chama chao cha ushirika.

Basi tazama kazi yenyewe. Gogo hukatwa kwa msumeno, likachongwa kwa tezo hata umbo la mnyama likaanza kuonekana, kisha kisu kikamaliza masikio na kwato. Mti mbichi ukiachwa juani hupasuka, na twiga aliyepasuka shingo hanunuliwi; kwa hiyo kazi hukaa kivulini. Kusugua kwa msasa mara nyingi ni kazi ya mke na watoto, na mwisho hupakwa rangi ya viatu ili kung'aa. Mchuuzi hulipa kwa idadi, wala haulizi ni mikono mingapi iliyokishika kitu hicho. Sifa ya ufundi humwendea baba peke yake.

Wala si msasa tu. Baba alipokwenda kukaa Nairobi au Mombasa miezi mingi kwa ajili ya soko, ni nani aliyebaki na ardhi? Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechakaa, udongo ukichukuliwa na maji kila mvua inyeshapo. Matuta yaliyouokoa udongo huo, yakiwamo yale yaitwayo fanya juu, ambayo mtaro huchimbwa na udongo wake kutupwa upande wa juu, yalichimbwa kwa sehemu kubwa na wanawake katika vikundi vya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Fedha za sanamu zilinunua mabati na kulipa karo. Lakini pasipo matuta hayo, fedha hizo zingeishia katika duka la unga.

Shida nyingine ni mti. Mpingo na muhugu, miti migumu ipendwayo sana, imekuwa adimu. Muhugu hukua polepole mno, hata aupandaye hatarajii kuuchonga. Fundi amegeukia mwarobaini utokao pwani, mwembe uliokwisha kuzaa, na jakaranda. Kifaru wa jakaranda hana uzito wa kifaru mkononi, lakini wanunuzi wengi hawajui tofauti.

Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipowazuia watalii, soko lilikatika. Mkulima akarudi kwenye jembe, kama baba yake alivyofanya kila biashara ilipolegea. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka huo huo mvua nazo zilipungua katika sehemu kavu za Kenya, misimu mitano mfululizo hadi 2022. Jembe na tezo vikashindwa pamoja. Mwenye mbuzi aliuza mbuzi. Shule za msingi za serikali ziliondolewa karo mwaka wa 2003, lakini aliyekuwa na mtoto wa sekondari aliiogopa barua ya mwalimu mkuu kuliko ukame.

Si ajabu basi kwamba kijana wa nyumba kama hiyo, ingawa alishika tezo tangu utotoni, huchagua kuendesha pikipiki ya abiria, ambayo humpa fedha siku ile ile. Baba hamlaumu sana. Alilomwomba ni kwamba Novemba arudi kupanda, na asikate jakaranda changa zilizo kandokando ya matuta, ambazo mama yake huzimwagilia jioni maji yaliyooshewa vyombo.